Shupaza Iliyobaki Mkononi

Siku Baltazar Nyamhanga alipoaibishwa mbele ya Mwigobero nzima, mwalo wa Musoma zinakofunga boti za samaki, alikuwa amevaa shati jeupe. Hilo si ajabu, kwa maana alivaa shati jeupe kila Jumamosi, na mikunjo ya mikono yake ilipigwa pasi hata ukadhani ingekata mkate. Alikuwa fundi na muuzaji wa injini za boti, mtu wa miaka thelathini na sita, mrefu, mwenye sauti inayofika mbali. Watu walijua kwamba injini aliyoifungua yeye haikurudi, na kwamba katika mchezo wa briji hapakuwa na mtu wa kumkalisha kuanzia mwaloni hapo mpaka Bunda. Walilijua hilo la pili kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa akiwaambia.

Boti za visiwani zilikuwa zimeshafunga kamba. Wachuuzi walikimbilia ukingoni na ndoo zao, dagaa wabichi walimeremeta juu ya turubai, na mama mmoja alikuwa akimtukana mwenzake kwa sababu ya fungu la samaki furu, kwa maneno matamu kabisa. Mbele ya banda la injini watu wanne walizunguka kreti iliyofunikwa kitambaa cha kijani. Baltazar ndiye aliyekuwa akicheza. Alikuwa ametangaza nne za shupaza, maana yake aliahidi kushinda mizunguko kumi ya karata, yaani mikono kumi kati ya kumi na mitatu, shupaza ikiwa turufu, rangi inayokata nyingine zote. Mwenzake, Mzee Salum, fundi cherehani mwenye kofia ya kufuma, alikuwa amelaza karata zake wazi mezani, kama desturi ya mchezo ilivyo.

Desturi hiyo lazima ieleweke, maana ndiyo iliyoleta yote. Katika briji watu wanne hukaa wawili kwa wawili, wakiangaliana. Baada ya mnada wa kutangaza ahadi, mmoja hucheza, na mwenzake hulaza karata zake wazi. Tangu hapo mlaza karata si mchezaji tena. Haruhusiwi kuchungulia karata za mwenzake, wala kukonyeza, wala kusema. Anayecheza ndiye anayecheza karata za wote wawili. Vitabu vina adhabu zake ndogo ndogo kwa mlaza karata anayesema, lakini watu wa Mara walijitungia sheria kali zaidi: mlaza karata akifungua mdomo, mchezo huo umekufa, na wapinzani wanaandikiwa ushindi.

Baltazar alipiga ree ya shupaza, karata iliyo kubwa kuliko zote, akapiga mfalme, akapiga malkia, turufu zote zikaja chini. Alifanya hivyo kwa madaha, kama mtu anayepiga misumari.

"Kaka, umeziita shupaza mapema," sauti ya kike ikasema nyuma yake.

Hakugeuka. "Dagaa wanauzwa kule chini, dada."

"Dagaa nimeshanunua. Una kopa mbili za kupoteza, na mwenzako alikuwa na shupaza za kuzikatia. Sasa umezimaliza. Utakatia nini?"

Mzee Salum, kwa kuwa alikuwa amelaza karata, hakuruhusiwa kusema. Hakusema. Lakini mabega yake yalianza kutikisika, na kofia ikatikisika nayo.

Baltazar alipungukiwa mkono mmoja. Ndipo akageuka. Aliona gauni la kitenge cha rangi ya chungwa lililokatwa vizuri kiunoni, upindo umeinuliwa kidogo kukwepa maji ya samaki. Aliona nywele zilizosukwa kwenda nyuma, miwani ya fremu nyembamba, na macho yasiyoomba radhi.

"Nani alikufundisha?" akauliza.

"Baba."

"Na baba yako ni nani?"

"Ni mtu ambaye haziitagi shupaza mapema."

Watu wakacheka mpaka wauza dagaa wakauliza kuna nini. Baltazar angeweza kukasirika, na wengi walimtazama wakingoja akasirike. Badala yake alisimama, akajitwika begani mfuko wa dagaa wa yule dada, akiharibu shati jeupe bila kulijali, akamsindikiza mpaka yalipokuwa magari ya Butiama, alikokaa baba yake. Njiani akajua kwamba jina lake ni Dafroza, kwamba anafundisha hesabu sekondari huko Bunda na amepanga Nyasura, na kwamba baba yake, Mzee Clementi, alikuwa karani wa kiwanda cha pamba na ndiko alikojifunzia briji. Aliomba namba ya simu.

"Ya nini?"

"Ya kuniambia makosa yangu mengine."

"Basi uwe na vocha za kutosha," Dafroza akasema, akaitaja.

*

Walianza kwa simu. Jioni, banda likishafungwa, Baltazar alikaa juu ya kiti cha plastiki akitazama ziwa linavyobadilika rangi, akamtajia Dafroza karata kumi na tatu, na Dafroza, akiwa jikoni kwake Nyasura, alimwambia angecheza vipi. Wali uliungua mara nyingi. Alimfundisha kwamba shupaza si nyundo. Turufu ndogo iliyobaki mkononi, alimwambia, ni kama neno ambalo hujalisema bado. Kila mtu mezani anaiogopa. Alimfundisha kupoteza mkono mapema ili asipoteze miwili baadaye. Hilo la kupoteza kwa makusudi halikumwingia Baltazar. Yeye mkono wowote wa kushinda aliutaka sasa hivi.

"Wewe unachezaga kama unafukuza kuku," Dafroza alimwambia.

"Na kuku huwa namkamata."

"Unamkamata akiwa amekonda, mpenzi."

Hilo neno la mwisho lilimtoka bila kupanga. Kisha Baltazar akasema kwamba kwa neno hilo yuko tayari kufukuzwa yeye.

Baada ya hapo Jumapili zao zilikuwa zao. Mara Dafroza alikuja Musoma baada ya misa, wakala sato wa kuchoma karibu na maji, naye akamcheka anavyokula samaki kwa uangalifu asije akachafua shati. Mara Baltazar alikwenda Bunda, wakakaa katika bustani ya nyumba moja ya wageni huko Kabasa. Mzee Salum aliposikia, alisema macho yake yamechoka na turufu, akamwachia binti kiti chake. Hivyo Baltazar na Dafroza wakawa wenza mezani, na wachezaji wengine hawakuwa na haja ya kuuliza kuhusu kwingine.

Majumbani kwao pia mambo hayakuwa siri. Mzee Clementi alikuwa ametuma neno kwamba mashindano ya briji ya Bunda yakipita, watu wa Baltazar wanaweza kubisha hodi Butiama. Dafroza naye alikuwa amesema lake mapema, bustanini pale, akizungusha soda yake mezani.

Alimweleza kwamba mwanamume mmoja alishawahi kumchumbia. Aliitwa Benson, ana duka kubwa la vifaa vya ujenzi hapo Bunda, na hana tabia mbaya. Alitaka tu aache kufundisha, ahamie nyumba aliyomjengea, na avae alivyomchagulia. "Alitaka karata zangu azicheze yeye," Dafroza alisema. "Nikamkatalia. Mimi namtaka mtu ambaye zamu yangu ikifika, nitacheza, na yeye atanyamaza. Sio kwa kuniogopa. Kwa kuniamini."

Baltazar alisema hilo ni dogo. Alilisema kwa sauti kubwa, kiasi cha meza ya jirani kugeuka.

*

Mashindano yalifanyika katika ukumbi wa ile nyumba ya wageni ya Kabasa. Meza zilifunikwa vitambaa, feni zilizunguka juu, na wachezaji walikuwa wamevaa kama wanaokwenda harusini. Dafroza alivaa gauni la bluu iliyokolea lenye kola nyeupe. Baltazar alivaa suti, na ndani yake unajua shati la rangi gani.

Walicheza vizuri hata wakafika meza ya mwisho, na kwenye meza ya mwisho, upande wa kushoto wa Dafroza, alikaa Benson. Alikuwa mtu mnene kidogo, mpole, mwenye saa inayong'aa. Aliwapa mkono wote wawili. Kisha akamwambia Baltazar, akitabasamu, kwamba aangalie sana, maana yeye na Dafroza wanajuana karata tangu zamani. Mtu mwingine angelichukulia kama utani wa mezani. Kwa Baltazar liliingia kama mwiba wa gogogo, samaki ambaye kila mtoto wa mwaloni anajua kwamba mwiba wake ukishaingia, unaingia zaidi ukiuvuta.

Kombe liliangukia mchezo mmoja. Benson alianza mnada kwa kutangaza karata nzito, lakini Dafroza akapanda juu yake na kuuchukua kwa nne za shupaza. Baltazar akalaza karata zake wazi, akaweka mikono magotini.

Dafroza alicheza kama mtu anayeshona. Turufu za wapinzani alizimaliza kwa mizunguko mitatu, akakata pau moja, akapoteza mikono miwili ambayo kila mtu aliona haikwepeki. Kila mchezaji alibakiwa na karata nne. Dafroza alikuwa ameshinda mikono saba. Alihitaji mitatu zaidi kati ya minne. Kwenye karata za Baltazar pale mezani zilibaki uru tatu ndogo na nane ya pau. Karata za Dafroza hakuziona, kama sheria inavyotaka, lakini alikuwa amehesabu: kati ya zile nne, moja ni shupaza, na ndiyo shupaza pekee iliyobaki duniani.

Dafroza akaita nane ya pau kutoka mezani. Mwenza wa Benson hakuwa na pau, akatupa karata. Dafroza naye hakuwa na pau. Kilichobaki kilikuwa rahisi kuliko kufungua kizibo: kata kwa shupaza, okota mkono. Baltazar alishaanza kuvuta pumzi ya furaha.

Dafroza akaiacha shupaza mkononi. Akatupa saba ya kopa.

Benson akaweka kumi ya pau. Akaokota mkono. Akamtazama Dafroza juu ya karata zake na kutabasamu, na ukumbi mzima ukaguna.

Ndipo ule mwiba ukageuka. "Dafroza," Baltazar akasema, na sauti yake ilikuwa ile ya mwaloni, "mbona hukati? Unampa Benson?"

Feni zikasikika. Mwamuzi alisimama polepole kutoka meza yake, mtu aliyeonekana kusikitika, akauliza kama mlaza karata amesema. Hapakuwa na haja ya kujibu. Alitangaza kwamba mchezo umekufa na kombe ni la Benson na mwenzake. Benson mwenyewe hakushangilia. Alizitazama karata tatu zilizobaki mkononi mwake, akamtazama Dafroza, akazifunika.

Dafroza alikusanya zake tatu, akazichanganya na nyingine bila kumwonyesha mtu. Nje, karibu na maua, Baltazar alimkuta akifuta miwani.

"Nionyeshe tu ulikuwa unafanya nini," alisema.

"Ningekuonyesha nini?"

"Karata. Nielewe."

"Mbele ya watu wote hukuuliza kwa nini nimepoteza mkono," Dafroza alisema taratibu. "Uliuliza kama nimempa mwanaume. Nenda Musoma, Baltazar."

Akaenda. Na kwa kuwa alikuwa na kiburi, akaenda akiamini kwamba yeye ndiye aliyekosewa.

*

Simu hazikupokelewa. Kisha hata yeye akaacha kupiga. Mwaloni walijua, kwa sababu mwaloni hujua kila kitu, lakini hakuna aliyemtania. Na mtu kama Baltazar kutotaniwa kulimuuma zaidi. Shati jeupe alilivaa, ila mikunjo haikuwa ile.

Siku moja mchana, mvua ikiwa imewafukuza wanunuzi, Mzee Salum aliingia bandani kujikinga. Baltazar alianza mwenyewe. Alisema anataka aonekane kama si mwongo: atazipanga zile karata za Bunda, moja moja, na Mzee aone kwa macho yake kwamba mwanamke yule alitupa mkono. Kumbukumbu yake ilikuwa nzuri, na alijivunia hilo pia. Akazipanga juu ya kaunta, kati ya plagi na pete za pistoni.

"Haya, uru," Mzee Salum akasema. "Ree ya uru ilikuwa kwa nani?"

Baltazar akafikiri. Benson hakuwa nayo, maana angekuwa nayo angeitumia mapema. Mezani haikuwepo. Mwenza wa Benson alikuwa na karata za hovyo tangu mwanzo. "Kwa Dafroza," akasema.

"Na malkia?"

"Kwa Dafroza. Mfalme ni wa Benson, ndiyo maana alitangaza."

"Kwa hiyo binti ana ree na malkia ya uru, saba ya kopa, na shupaza moja. Benson amekaa kushotoni kwake na mfalme. Mimi ni Benson. Wewe cheza utakavyo."

Baltazar akaita nane ya pau, akakata kwa shupaza. Mmoja. Halafu kopa ikapotea, uru ikarudi, mfalme wa Mzee Salum akamla malkia, ree ikaokota wa mwisho. Mikono tisa. Akarudia kwa njia nyingine, akianza na uru kutoka mezani. Malkia akaliwa na mfalme. Tisa. Akarudia tena, sasa akiinama. Tisa.

"Cheza alivyocheza yeye," Mzee Salum akasema.

Nane ya pau. Saba ya kopa ikatupwa. Mzee Salum akaokota kwa kumi ya pau, akabaki na karata tatu. Akazigeuza wazi juu ya kaunta. Zote tatu zilikuwa uru.

"Zamu yangu kuanza," akasema. "Nicheze nini, mwanangu?"

Baltazar akatazama. Uru yoyote ambayo Benson angetoa ingekwenda moja kwa moja kinywani mwa ree na malkia. Angeweka ndogo, malkia angeshinda. Angeweka mfalme mwenyewe, ree ingemla. Na mwisho kabisa, ile shupaza iliyobaki mkononi, peke yake, haina wa kuigusa. Mitatu. Saba na mitatu ni kumi. Hapakuwa na njia nyingine duniani. Ule mkono aliodhani ni zawadi ulikuwa mtego, na Benson alikuwa ameshauona, ndiyo maana alizifunika karata zake.

Mvua ilipiga bati kwa muda mrefu. Baltazar alifunika uso kwa mikono yenye grisi, na safari hii shati lilichafuka kola na kifua.

"Alikuwa ameshinda," akasema.

"Alikuwa ameshinda tangu alipoacha kukata," Mzee Salum akasema, akavaa kofia yake, akatoka mvuani.

Jioni Baltazar akapiga simu. Labda Dafroza alichoka kutopokea, alipokea.

"Ulikuwa na ree na malkia ya uru," Baltazar akasema, bila hata salamu. "Nimeipanga. Hakuna mtu mkoa huu wa Mara ambaye angeicheza hivyo. Mimi nisingeicheza hivyo hata kwa mwaka mzima. Nilikosa, Dafroza."

Alisikia sauti ya sufuria ikiwekwa chini.

"Nashukuru," Dafroza akasema. "Lakini umeamini leo, ukishaziona karata. Akishaziona, kila mtu anaamini, hata Benson aliamini. Mimi nilikutaka uniamini zikiwa zimefunikwa."

Baltazar akasimama kutoka kwenye kiti. Mtu huyu wa majibu sasa aliuliza.

"Niambie nifanye nini, mwenzangu."

"Usiniite mwenzangu bado. Watu wa Benson wamerudi kwa baba. Walikuja juzi. Na wewe kama uso bado unao, tuma watu wako, baba hajafunga mlango. Lakini sikuambii nitajibu nini nikiitwa mbele yao. Kama unakuja, njoo hivyo hivyo."

Kwa mwanamume yeyote wa nyumba za huko, hakuna aibu inayozidi kupeleka wazee wa ukoo posani na binti akakataa mbele yao. Husimuliwa misibani na harusini mpaka watoto wako wanaikuta. Baltazar alijua. Akawaza usiku, na asubuhi akampigia baba yake mdogo, Makoye, kijijini kwao, akamwomba aje na suti.

*

Walikwenda Butiama siku ya jua. Baba mdogo Makoye aliongoza, na Mzee Salum alichaguliwa kuwa mshenga, ingawa wengine waliuliza Mwislamu ataposaje kwa Wakatoliki. Makoye alijibu kwamba wanahitaji mtu anayejua kusema, na huyu anajua pia kunyamaza.

Katika posa, mwenye shida ndiye asiyesema. Mshenga husema kwa niaba yake, wazee husaidia, na bwana mwenyewe hukaa kando kama kifurushi. Baltazar alikaa kando, mikono magotini. Sebule ya Mzee Clementi ilikuwa safi, viti vimevalishwa vitambaa vyeupe vilivyofumwa, na kwenye meza ndogo ya pembeni kulikuwa na pakiti mbili za karata kuukuu zilizofungwa kwa mpira.

Mzee Salum alieleza walichokuja kutafuta, kwa maneno ya kuzunguka na ya heshima. Ndipo shangazi yake Dafroza, mama Mary, mwanamke mkubwa mwenye kilemba cha zambarau, akaanza kazi yake ya ushangazi.

Aliuliza kama huyu ndiye yule aliyefungua mdomo Bunda. Aliuliza kama huko Musoma wanaume wanafundishwa kusubiri zamu au wanazaliwa hivyo hivyo. Alisema amesikia ni fundi wa injini, na injini husikika kabla hazijaonekana. Watu wa nyumba wakacheka. Makoye alimsukuma Baltazar kwa kiwiko, kana kwamba kusema, jitetee basi. Baltazar hakuinua macho.

Mzee Clementi, mzee mwembamba mwenye miwani kama ya binti yake, alisema kwa upole kwamba hataficha kitu: walitangulia wengine, wenye uwezo zaidi, na nyumba tayari imejengwa. Baltazar aliona mishipa ya mikono yake mwenyewe imesimama. Mikono ikabaki magotini.

Akaitwa Dafroza. Aliingia amevaa lile gauni la kitenge cha rangi ya chungwa, lile la dagaa, limefuliwa na kupigwa pasi kwa heshima. Alipiga magoti akawasalimu wazee, kisha akasimama. Hakumtazama Baltazar.

"Unawajua wageni hawa?" baba yake akauliza.

"Kabla sijajibu, baba, kuna neno," Dafroza akasema. "Watu wa Benson walipokuja, sikuwakatalia. Niliwaambia wasubiri."

Sebule ikaguna, mguno ule ule wa Kabasa. Makoye akashusha pumzi kama tairi. Kila jicho likamgeukia Baltazar, na shangazi akainama mbele kidogo ili aone vizuri.

Baltazar alikuwa na maneno. Na sauti ya kuyabeba alikuwa nayo. Hakuna aliyemwonyesha karata yoyote. Alichokuwa nacho ni mwanamke mmoja aliyesimama, ambaye alimjua anavyocheza. Akamtazama, kwa mara ya kwanza tangu aingie, akaona kwamba hana haja ya kujua. Zamu ni ya Dafroza. Mabega ya Baltazar yakashuka, akatulia, na utulivu huo haukuwa wa kujilazimisha.

Dafroza alikuwa akimwangalia sasa. Alimwangalia muda wa kutosha.

"Niliwaambia wasubiri," akaendelea, "kwa sababu nilitaka jibu lao na la hawa litoke siku moja, mbele ya wazee, asiwepo wa kusema hakusikia. Jibu la Benson ni hapana. Ni mtu mwema, na baba umpelekee hivyo kwa heshima."

"Na hawa?"

"Huyu bwana," Dafroza akasema, na sauti yake ikapanda kidogo tu, "amelaza karata zake zote mbele yenu, na hajasema neno. Baba, mniachie nicheze."

Mzee Clementi aliitoa miwani yake, akaifuta, akairudisha. Karani wa kiwanda cha pamba alikuwa amekaa kwenye meza nyingi za briji, na hakuna siku aliyomwona mtu akinadi kwa uso ulioinuka hivyo, naye ni damu yake.

"Unatangaza ngapi, mwanangu?"

"Mikono yote kumi na mitatu. Turufu ni shupaza."

Shangazi akapiga kigelegele, na wanawake wa jikoni, ambao hawakujua shupaza ni nini, wakakidaka na kukipeleka mpaka barabarani. Makoye akacheka mpaka machozi. Mabega ya Mzee Salum yalianza kutikisika, na kofia nayo. Watu waligeuka wamsikie Baltazar Nyamhanga atasema nini, mtu ambaye mwaloni wote ulimjua kwa sauti yake. Alikuwa amekaa wima katika shati lake jeupe, mikono magotini, anamtazama mwenzake, na hakusema kitu.